Kumi, Ishirini, Thelathini

Siku ya tisa tangu kiharusi kimwangushe bafuni, mzee alitamka neno lake la kwanza, na neno hilo lilikuwa namba.

Binti yake alikuwa ameinama akimnyooshea shuka upande wa kulia, ule usiohisi kitu. "Baba, unasikia baridi?" alimuuliza, kama alivyomuuliza kila siku bila kutarajia jibu. Mzee akakunja uso, ulimi ukahangaika kinywani kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, kisha akasema kwa sauti safi kabisa, "Kumi."

"Umesema nini, Baba?"

"Ishirini."

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ni mimi, Baba. Unanijua?"

"Thelathini," akasema mzee, na chozi likamtoka jicho la kushoto.

Mtu mwingine angeshukuru kwamba mgonjwa wake amefungua kinywa, akaenda kumwita muuguzi. Binti huyu hakwenda kumwita mtu yeyote. Alibaki pale pale ameduwaa, kwa sababu namba zile tatu, kwa mpangilio ule ule, alikuwa akiziandika ubaoni kila mwaka kwa miaka ishirini.

Kazi yake ilikuwa kufundisha historia ya lugha za kompyuta chuo kikuu. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mdogo wake wa kiume alipotaka kumchokoza. Na historia aliyoifundisha ilianzia nyumbani. Baba yake alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kompyuta cha idara ya maji, akiandika programu zilizoamua lini malango ya bwawa yafunguliwe na lini yaachwe. Zama zile kila mstari wa programu ulitobolewa kwa matundu kwenye kadi yake ya karatasi ngumu, na yeye alizoea kupita kwenye korido amekumbatia sanduku la kadi kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Wenzake wakambatiza Mzee Kadi. Jina likamganda hata baada ya kadi zenyewe kutupwa.

Wiki ya tatu ya kila muhula, Mwalimu alisimulia habari ya sharti. Mashine za mwanzo, aliwaambia wanafunzi, hazikujua kuuliza kama watu wanavyouliza. Zilijua jambo moja tu: kutazama namba iliyotoka kukokotolewa, na ikiwa iko chini ya sifuri, kuruka kwenda mahali pengine, isipokuwa hivyo, kuendelea na mstari unaofuata. Aliyetaka kujua kama bwawa limejaa ilimbidi atoe namba moja katika nyingine, kisha atazame alama. Baadaye zikaja lugha ambazo binadamu angeweza kuzisoma, nazo zikaleta sharti la njia tatu. Hapo ndipo alipogeukia ubao na kuandika: IKIWA (A) 10, 20, 30. Maana yake: A ikiwa chini ya sifuri, nenda mstari wa kumi, ikiwa sifuri kamili, nenda wa ishirini, ikiwa juu ya sifuri, nenda wa thelathini. Ilichukua miaka mingi kabla ya kufika "ikiwa", "basi" na "la sivyo" ambazo leo kila mwanafunzi huziona za kawaida, pale sharti lilipoacha kusema uende wapi, likaanza kusema ufanye nini.

Aliandika tasnifu juu ya safari hiyo. Aliiita hadithi ya adabu: jinsi lugha za mashine zilivyojifunza, polepole, kuzungumza na watu kama watu. Mzee aliisoma yote kwa kalamu nyekundu mkononi, kurasa mia tatu na kitu, na alama pekee aliyoiacha ilikuwa neno moja pembezoni mwa sura ya mwisho: "Mmelainika."

Ndiyo sababu, aliposikia kumi, ishirini, thelathini, Mwalimu hakusikia mgonjwa anayebabaika. Alisikia baba yake, fundi wa sharti la njia tatu, aliyepoteza maneno yote ya dunia akabakiwa na hayo matatu, na akajaribu kuyatumia. Kumi: chini ya sifuri, hapana. Ishirini: katikati, si hivi wala si vile. Thelathini: juu ya sifuri, ndiyo. Baridi? Hapana. Umesema nini? Hata sijui. Unanijua? Ndiyo.

Akalia palepale, kwa furaha.

Mtaalamu wa tiba ya kusema alikuwa dada mmoja mpole, mwenye mkoba uliojaa picha za vikombe na viatu. Alimsikiliza Mwalimu hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mwalimu, nisikufiche," akasema. "Wagonjwa wa namna hii tunawaona. Maneno ya kawaida yanapotea, lakini yale yaliyokaririwa kwa mfuatano yanabaki. Siku za wiki. Sala. Kuhesabu. Yanatoka yenyewe tu, kama kikohozi."

"Lakini hahesabu moja, mbili, tatu. Anahesabu kumi, ishirini, thelathini."

"Kila mtu ana mfuatano wake."

"Huo si mfuatano wake tu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake."

Yule dada akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ikamkera Mwalimu kuliko ambavyo dharau ingemkera. "Basi mjaribu," akasema. "Muulize mambo ambayo majibu yake unayajua. Ila mimi siwezi kuliandika hilo kwenye faili mpaka tuwe na uhakika."

Mwalimu alimjaribu. Alijiandaa mezani kwake kama ambavyo angejiandaa kuijaribu programu yoyote. Mwandishi wa programu hufundishwa tangu siku ya kwanza kuipitia kila njia ya sharti, asiiruke hata moja, na kuzipitia kwa utaratibu. Akatunga swali la njia ya kwanza, swali la njia ya pili, swali la njia ya tatu, akayaandika kwenye daftari.

"Baba, wewe ni mwanamke?"

"Kumi."

"Baba, kesho mvua itanyesha?"

"Ishirini."

"Baba, mimi ni mwanao?"

"Thelathini."

Siku iliyofuata akabadilisha maswali. Baba, mimi ni dereva wa treni? Kumi. Baba, mgonjwa wa kitanda cha pili anaitwa nani vile? Ishirini. Baba, mama alikuwa anakuita Mzee Kadi akitaka kukuchokoza? Thelathini. Siku ya tatu hivyo hivyo. Majibu tisa, yote tisa sahihi. Alijumlisha chini ya ukurasa, akapigia mstari.

Na ilikuwa vizuri kwamba baba ameweza kujibu, kwa maana wakati huohuo daktari wa upasuaji alikuwa amemwita ofisini. Mzee alikuwa na sukari ya miaka mingi, na mguu wa kulia, ule usiohisi, ulikuwa na kidonda kilichoanza kuwa cheusi. Daktari alieleza kwa utulivu, akitumia mguu wake mwenyewe kama mfano: vidole vitatu na kipande cha wayo viondolewe, mapema, kabla ubaya haujapanda. Mgonjwa hawezi kusema, hivyo ndugu ndio waamue, na mtoto mkubwa atie saini.

"Anaweza kusema," Mwalimu alisema.

Alimuuliza asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, kabla ya chai, kabla ya kuoshwa, kabla ya neno jingine lolote. Alitaka akili yake iwe haijachoka. Alimshika mkono ulio hai, akamweleza yote, hakumficha kitu. "Baba, wanataka kuukata mguu, sehemu ya mbele. Unakubali?"

Mzee alimtazama machoni.

"Kumi," akasema.

Alimuuliza asubuhi tano mfululizo, saa mbili ile ile, na asubuhi tano mfululizo jibu lilikuwa kumi. Siku ya tano akaenda ofisini kwa daktari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Mgonjwa mwenyewe amekataa.

Mdogo wake alifika wodini jioni ile akitoka kazini. Alikuwa fundi wa friji, na watu wote walimwita Fundi. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua zisizohesabika, na hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa tasnifu ya dada yake, jambo ambalo alilitangaza kwa fahari kwenye kila sherehe ya familia.

"Dada, wameniambia umekataa."

"Si mimi. Baba ndiye aliyekataa. Nimemuuliza mara tano, na mara tano kasema hapana."

"Kasema kumi."

"Kumi ni hapana."

"Kwa nani? Mimi nikienda dukani nikasema nipe mayai kumi, muuzaji anipe hapana?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha, Mwalimu. Nauliza. Huyu ni baba, si karatasi ya mtihani." Fundi akavuta kiti, akakaa upande wa mguu mbaya. Alifunua shuka, akatazama, akafunika tena taratibu. "Dada, mimi nafanya kazi na vitu vinavyooza. Friji ikifa kwenye bucha, naitwa siku ya tatu. Naijua hii harufu."

"Kwa hiyo tumkate baba kwa nguvu?"

"Sijasema kwa nguvu."

"Amesema hataki, Fundi. Maisha yake yote kuna mtu aliyewahi kumlazimisha kitu? Leo kapooza ndiyo tumlazimishe?"

Fundi alimgeukia baba yake na kumtekenya kidogo kwenye kiganja, kama alivyozoea. Mzee akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki na cheko. Wote wawili wakamtazama akicheka, na kwa dakika moja hakuna aliyekumbuka walichokuwa wakigombania.

Siku mbili zikapita hivyo. Muuguzi alipobadilisha bandeji alianza kuvaa barakoa.

Siku ya tatu Fundi aliomba ruhusa kazini, akaja asubuhi. Mwalimu alichelewa kidogo kwenye foleni ya lifti, na alipoingia wodini alimkuta mdogo wake amekwisha kumketisha baba, amemweka mto mgongoni, na ameshika redio ndogo aliyotoka nayo nyumbani.

"Mzee wangu, nikuwashie redio?"

"Kumi," akasema mzee.

"Haya, umesema hapana, lakini mimi ni mkaidi, ulinizaa hivyo." Akaiwasha. Ukatoka muziki wa zamani, chini chini, na mzee akafumba macho, mabega yakashuka, kidole cha mkono wa kushoto kikawa kinapiga shukani kwa kufuata ngoma.

Mwalimu aliona kidole kile. Aliona, na kitu fulani ndani yake kikaanza kusogea, lakini hakukipa nafasi. Saa mbili ilikuwa imefika. Akamshika baba mkono.

"Baba, ule mguu. Wanasema ni lazima uamue. Unakubali waukate?"

Mzee akafumbua macho. "Ishirini."

Redio iliendelea kuimba. Fundi akauliza, "Ishirini ndiyo ipi?"

"Katikati," Mwalimu akasema. "Sifuri. Labda... labda ameanza kufikiria upya."

Akainama karibu zaidi. "Baba, unakubali waukate?"

"Thelathini."

"Ndiyo!" Fundi akasimama. "Si ndiyo hiyo, Dada? Thelathini ni ndiyo!"

Lakini Mwalimu hakuwa na uso wa mtu aliyepata ndiyo. Alikuwa na uso wa mtu anayeteremka ngazi gizani na kugundua kwamba kuna ngazi moja zaidi. Akauliza swali lilelile kwa mara ya tatu, kwa sauti ndogo sana, na alijua jibu kabla halijatoka.

"Kumi."

Fundi akaketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutafuta la kumchekesha mtu. "Dada," akasema, "anahesabu."

Mwalimu alitoa daftari kwenye mkoba. Hakuhitaji kulifungua, ila alilifungua. Ukurasa wa kwanza: swali la hapana, swali la katikati, swali la ndiyo. Wa pili: hapana, katikati, ndiyo. Wa tatu hivyo hivyo. Alikuwa amezipitia njia tatu kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha, na mzee alikuwa amehesabu kwa utaratibu huohuo, kumi, ishirini, thelathini, kisha kurudi mwanzo. Mtu asiyejua kitu, mtu ambaye angeuliza tu hovyo hovyo lolote linalomjia, angegundua siku ya kwanza. Na swali la mguu alilitanguliza kila asubuhi kabla ya neno jingine lolote. Lilikuwa la kwanza mara tano, na kila asubuhi hesabu ilikuwa imeanza upya. Mara tano likapewa namba ya kwanza.

"Basi hakukataa," Fundi akasema.

"Sijui."

"Si umesema anahesabu?"

"Kama anahesabu, hakukataa. Wala hakukubali." Akalifunga daftari. "Ila huenda leo ndio anahesabu, na zile siku nyingine alikuwa anajibu. Hata redio, huenda kweli hakuitaka."

"Acha, Dada. Umekiona kidole chake."

"Nimekiona."

Mtaalamu wa tiba ya kusema alipopita, Mwalimu alimweleza kila kitu, hata mpangilio wa maswali, na hakujitetea. Yule dada hakusema "nilikuambia". Alisema jambo lililokuwa gumu zaidi. "Usidhani haelewi, Mwalimu. Nadhani anaelewa mengi unayomwambia. Nadhani ana maoni yake kabisa kuhusu huo mguu. Tatizo ni kwamba kinachotoka mdomoni si lazima kiwe ndicho alichokusudia. Na yeye mwenyewe huenda anadhani amekwisha kukujibu."

"Na kutingisha kichwa? Kukonyeza?"

"Nimejaribu. Anatingisha ndiyo kwa kila kitu. Nilimuuliza kama yeye ni kikombe, akatingisha."

Mchana Mwalimu alikwenda nyumbani kwa baba yake. Alijiambia anafuata nguo safi, lakini alipofika alipiga magoti moja kwa moja mbele ya kabati la chini, akavuta maboksi ya karatasi ndefu zilizokunjwakunjwa, programu za idara ya maji, zile alizozichambua kwa ajili ya tasnifu. Jua lilikuwa likiingia dirishani na kuangukia sakafu nzima. Akazitandaza. Alitaka kitu kimoja tu: aone mikononi mwa baba yake, katika kazi yake mwenyewe, kumi ilikuwa nini.

Katika programu ya kwanza mzee alikuwa amechukua kikomo cha maji akatoa kina kilichopimwa. Jibu likiwa chini ya sifuri, maji yamepita kikomo: nenda kumi. Na kwenye mstari wa kumi palikuwa na agizo la kufungua malango. Katika programu ya pili, ya miaka minne baadaye, alikuwa amegeuza, akachukua kina akatoa kikomo. Chini ya sifuri, bwawa liko salama: nenda kumi. Na kwenye mstari wa kumi palikuwa na agizo la kuacha malango kama yalivyo. Katika ya tatu, njia mbili zilipelekwa zote kumi, kwa sababu siku hiyo hakujali tofauti ya hizo mbili.

Alikaa juu ya visigino vyake katikati ya karatasi. Hakuna alichogundua hapo ambacho hakukijua. Kwamba namba ya mstari haibebi maana, inabeba mahali. Kwamba maana iko kwenye kile kilichoandikwa huko unakopelekwa, na kwenye kipi kimetolewa katika kipi. Alikuwa akilifundisha jambo hilo kila mwaka, wiki ya tatu, saa nne asubuhi, na mwisho wa muhula akawatahini watu kwalo. Aliwafelisha waliolikosea. Hata kama mzee angekuwa anajibu, hata kama kila kumi yake ingekuwa kumi ya mtu anayejua anachosema, yeye aliye nje asingeweza kujua huko kwenye mstari wa kumi, ndani ya kichwa kile, pameandikwa kukata au kuacha.

Simu ikalia. Alikuwa Fundi.

"Dada, rudi. Homa imempanda. Daktari anakutaka sasa hivi."

Daktari wa upasuaji aliwapokea wamesimama. Hakutumia tena mguu wake kama mfano. "Mara ya kwanza tulizungumzia vidole," akasema. "Leo tunazungumzia juu ya goti. Tena ni leo. Kesho sitakuwa na cha kuwaambia."

"Atapona?" Fundi akauliza.

"Tukimfanyia, nusu kwa nusu. Ni dhaifu, na sumu imeshaingia kwenye damu. Tusipomfanyia, siwezi kuwapa hata hiyo nusu." Akamgeukia Mwalimu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba sauti yake ilikuwa kali. "Niliheshimu ulichoandika. Uliandika kwamba mgonjwa amekataa. Bado anakataa?"

"Sijui anataka nini," Mwalimu akasema.

Darasani alikuwa na namna ya kulisema neno hilo, sijui, ambayo daima ilifuatwa na kitu kingine: sijui, lakini tunaweza kukisia, sijui, lakini nyaraka zinaonyesha. Safari hii hakuna kilichofuata. Daktari akamsogezea karatasi.

"Nipe mimi," Fundi akasema. "Nitaweka mimi. Ili siku yoyote mtu akikuuliza, useme ni yule mjinga wa friji."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ukubwa gani, Dada, leo?"

"Huohuo." Akatia saini. Mwandiko wake haukuwa mzuri.

Korido ilikuwa ndefu na yenye mwanga mkali wa saa tisa. Wahudumu wawili walileta kitanda cha magurudumu, wakakipanga sambamba na cha mzee, wakahesabu pamoja ili wamhamishe. Hakuhama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika chuma cha ubavuni mwa kitanda, umekishika hasa, vifundo vyeupe.

"Mzee, achia kidogo," akasema mhudumu. "Tunakwenda hapo tu."

Hakuachia. Tangu homa ipande alikuwa hajatamka hata namba moja.

"Wakati mwingine ni mishipa tu," muuguzi akamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini. "Baada ya kiharusi mkono, hata ule mzima, ukishika kitu unajikaza wenyewe. Si lazima awe anakataa."

"Na akiwa anakataa, angefanyaje?"

Muuguzi akafikiri kwa uaminifu. "Angeshika hivyohivyo," akasema.

Mzee alikuwa akimtazama binti yake. Macho yalikuwa maangavu kwa homa, na yalikuwa wazi kabisa, na yalisema kitu. Kwamba yalisema kitu, Mwalimu hakuwa na shaka hata chembe. Alisogea karibu, akaweka uso wake mbele ya uso wa baba, akayasoma kama alivyojifunza kusoma kila kilichotoka kwa mtu huyu tangu alipokuwa msichana wa kukaa chini ya meza yake akipanga kadi zilizoharibika. Alisoma ombi. Akasoma tena, akaona ni hofu tu ya mtu aliyelala chali. Akasoma tena, akaona ni mzazi anayemwambia mwanawe afanye haraka.

"Mama, samahani, chumba kinasubiri," mhudumu akasema. "Msaidie aachie. Sisi tukimshika tutamuumiza."

Fundi alikuwa upande wa pili, ameinamia gurudumu, akilizuia lisiteleze, na hakuinua uso. Mwalimu akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wa baba yake. Ulikuwa wa moto, na chini ya ngozi mshipa ulikuwa ukipiga haraka haraka. "Baba," akasema, kisha akanyamaza, kwa sababu kila lililomjia lilikuwa swali.

Akaanza na kidole kidogo. Alikibandua kwenye chuma, akakishikilia kisirudi, akaenda kwenye kinachofuata. Mzee hakupiga kelele. Alikaza tu, na yeye akakaza, mpaka kikabaki kidole gumba, ambacho kilikuwa na nguvu kuliko vyote, na hicho alikibandua kwa mikono miwili.